Istilahi za Ununuzi wa Nyumba, na Kwa Nini Mnunuzi Amhitaji Mtaalamu

UTANGULIZI

Miongoni mwa shughuli zinazomkutanisha mwananchi wa kawaida na lugha ya sheria, ununuzi wa nyumba ni mojawapo ya zile zenye uzito mkubwa. Mtu aweza kuishi miaka mingi bila kuingia mahakamani wala kusoma kifungu hata kimoja cha sheria. Lakini siku anaponunua nyumba hutia sahihi maandishi ambayo kila neno lake lina maana yake maalumu, na aghalabu hutoa siku hiyo akiba ya nusu ya umri wake. Tena hufanya hivyo kwa maneno anayodhani kuwa anayajua: nyumba, kiwanja, hati, miliki, bei, wakili. Maneno haya si mageni kwake, na hapo ndipo hatari ilipo. Kwani yana maana moja mtaani na maana nyingine katika ofisi ya Msajili wa Hati.

Makala haya yana makusudi mawili. Kwanza, tunataka kuonyesha kwamba mnunuzi wa nyumba anahitaji msaada wa wataalamu hasa kwa sababu maneno ya biashara hii yana sura mbili, na kazi ya mtaalamu ni kujua ni sura ipi inayozungumzwa. Pili, tunataka kuwakumbusha wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali kwamba sisi nasi tunaweza kulipunguza pengo hilo au kulizidisha, kwa jinsi tunavyochagua maneno. Tutazungumzia Tanzania Bara peke yake. Sheria za ardhi za Zanzibar ni nyingine, na za Kenya ni nyingine, ijapokuwa lugha ni moja.

Ili maelezo yetu yawe na mahali pa kushika, hebu tuchukue tangazo la kubuni, lakini la aina ambayo kila msomaji amekwisha kuiona ukutani au gazetini: "Nyumba inauzwa. Ina hati safi, kiwanja kimepimwa, haina mgogoro. Bei maelewano." Tangazo hili lina maneno kumi na moja tu. Tutayachambua moja baada ya jingine.

NINI HASA KINACHOUZWA?

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huohuo, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, ardhi yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, nayo imewekwa mikononi mwa Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Kwa hiyo hakuna mtu auzaye ardhi yenyewe. Kinachouzwa ni haki ya kuikalia na kuitumia, kwa masharti yaliyowekwa na, mara nyingi, kwa muda uliotajwa.

Fikra hii ina historia ndefu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyotungwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza kwa lugha yao, ilizungumzia haki ya kutumia na kukalia ardhi. Milki za kudumu, ambazo nyingi zilitokana na wakati wa Wajerumani, ziligeuzwa kwa sheria ya mwaka 1963 kuwa upangaji wa muda kutoka Serikalini, na mwaka 1969 upangaji huo nao ukageuzwa kuwa haki hiyohiyo ya kukalia. Kwa muda mrefu ardhi tupu ilihesabiwa kuwa haina bei. Kilichokuwa na bei ni jasho la mtu lililowekwa juu yake, yaani nyumba, mimea au kisima, na katika lugha ya ofisi jasho hilo liliitwa maendelezo. Aliyetaka kuuza kiwanja kitupu alilazimika kutafuta cha kukitaja: msingi, banda, au minazi michache. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 na Sheria ya mwaka 1999 zilikubali kwamba haki katika ardhi ina thamani yake, na marekebisho ya mwaka 2004 yakaruhusu, kwa masharti, ardhi isiyoendelezwa iuzwe.

Sasa tuliangalie neno tulilolichagua katika Kiswahili. Tulipofasiri istilahi ile ya Kiingereza hatukusema "haki ya kukalia" bali "haki ya kumiliki". Hatusemi kwamba neno hili liondolewe, maana limekwisha kukomaa na kuenea. Lakini yafaa tukiri kwamba linampa msomaji zaidi ya anachopewa na sheria. Katika masikio ya Mswahili, anayemiliki kitu ni mwenyewe, na umiliki wake hauna tarehe ya mwisho. Haki inayotolewa na Serikali mijini ina tarehe ya mwisho. Mara nyingi hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Tuseme haki fulani ilitolewa mwaka 2000 kwa miaka 33. Mtu anayeinunua mwaka 2025 hanunui miaka 33. Ananunua miaka 8 iliyobaki, pamoja na matumaini ya kuomba muda mpya. Zaidi ya hayo hununua masharti: matumizi yaliyoandikwa, kama vile makazi au biashara, wajibu wa kuendeleza kiwanja, na wajibu wa kulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Masharti yakivunjwa, haki yenyewe yaweza kufutwa.

Muuzaji hana sababu ya kuyataja haya katika tangazo, wala mnunuzi hana sababu ya kuyashuku, kwa kuwa neno "nyumba" limemtosheleza. Hapo ndipo inapoonekana faida ya kwanza ya mtaalamu. Yeye hauangalii ukuta na bati tu. Huuliza ni haki gani iliyo chini ya ukuta huo, imebakiza miaka mingapi, na ina masharti gani.

"INA HATI": HATI IPI?

Neno hati limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni mwandiko au mstari. Maana hiyo ingali hai katika Kiswahili, kwani tunasema kwamba mtu ana hati nzuri, yaani anaandika vizuri. Basi anayesema nyumba yake "ina hati" hasemi uongo ikiwa ana karatasi yoyote iliyoandikwa. Tatizo ni kwamba karatasi hizo ni za namna nyingi, na nguvu zake zimepitana mbali.

Ya kwanza ni mkataba wa mauziano, ambao watu wengi huuita hati ya mauziano. Sheria ya Ardhi yataka mapatano ya kuhamisha haki ya ardhi yawe ya maandishi na yatiwe sahihi ndipo yaweze kudaiwa mahakamani. Lakini karatasi hiyo ni ushahidi kwamba watu wawili walipatana. Si ushahidi kwamba aliyeuza alikuwa na cha kuuza.

Ya pili ni barua ya toleo, ambayo mtaani yaitwa "ofa". Kwa barua hii mtu hujulishwa kwamba amepewa kiwanja kwa masharti, yakiwamo malipo. Wako watu waliokaa na barua hiyo miaka mingi bila kukamilisha lililobaki, na wamekwisha kuamini kwamba wana hatimiliki.

Ya tatu ni leseni ya makazi, ambayo hutolewa mijini katika maeneo yaliyojengwa bila kupangwa. Hii humtambua mkaaji na humpa kinga fulani, lakini ni ya muda mfupi ikilinganishwa na haki tuliyoieleza hapo juu.

Ya nne ni hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo hutolewa na Halmashauri ya Kijiji kwa ardhi ya kijiji. Hii si hati duni, kwani sheria inaipa haki ya kimila hadhi sawa na ile inayotolewa na Serikali. Lakini ina taratibu zake, na mtu wa nje ya kijiji hawezi kuinunua bila idhini ya Halmashauri hiyo.

Ya tano ni hatimiliki yenyewe, iliyotolewa kwa mamlaka ya Kamishna wa Ardhi na kusajiliwa na Msajili wa Hati. Kwa majengo ya ghorofa yenye wakaaji wengi, Sheria Na. 16 ya mwaka 2008 iliweka utaratibu wa kila mtu kuwa na hati ya sehemu yake ya jengo, pamoja na fungu katika vitu vya pamoja kama ngazi, paa na uwanja. Wengine huziita hati hizo "hati pacha".

Kwa hiyo neno "hati" likisimama peke yake halitoshi. Na hiyo "hati safi" nayo ni ipi? Watumishi wa Serikali walizoea neno hili katika taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambako lina maana maalumu: maoni ya mkaguzi kwamba hesabu ziko sawa. Katika biashara ya nyumba hakuna ofisi yoyote inayotoa hati iitwayo safi. Ni neno la sifa tu, kama vile kusema samaki ni mbichi. Anayetaka kujua usafi wa hati huenda katika daftari la Msajili, wala hasomi tangazo.

HAKIMILIKI NA HATIMILIKI

Hapa tungependa kusimama kidogo, kwa kuwa ni mahali ambapo wafasiri na wachapaji huteleza mara kwa mara. Maneno hakimiliki na hatimiliki yametofautiana kwa herufi moja tu, lakini ni vitu viwili mbalimbali. Hakimiliki ni haki. Hatimiliki ni maandishi yanayoithibitisha haki hiyo. Mtu aweza kuibiwa hatimiliki na asipoteze hakimiliki yake. Tena mtu aweza kuishika hatimiliki mkononi, ya kughushi au ya kuazima, na asiwe na hakimiliki hata chembe.

Jambo hili huongezewa ugumu na ukweli kwamba neno hakimiliki limekwisha kupewa kazi nyingine. Katika vitabu na nyimbo lina maana ya haki ya mtunzi juu ya kazi yake, na ndiyo maana tunaliona kwenye kurasa za mwanzo za vitabu vyetu. Mwalimu anayefundisha somo la uraia hana budi kuwaeleza wanafunzi kwamba neno ni moja na nyanja ni mbili. Mfasiri naye afadhali aandike kwa ukamilifu, "hakimiliki ya ardhi", popote ambapo pana nafasi ya kuchanganya.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Matapeli wengi wa nyumba huishi katika pengo hilo la herufi moja. Mnunuzi huonyeshwa karatasi yenye mhuri, akaridhika. Wakili mwenye kuijua kazi yake huichukua karatasi hiyo kuwa ni mwanzo wa swali. Huchukua namba ya hati, huenda kwa Msajili kufanya upekuzi rasmi, na kuuliza mambo manne: Ni nani aliyeandikwa kuwa mwenye haki? Je, pameandikwa rehani? Je, pamewekwa zuio? Je, pana amri ya mahakama? Majibu ya maswali hayo hayapatikani kwa kuitazama hati, hata ikitazamwa na miwani miwili.

"KIWANJA KIMEPIMWA"

Kupima ni kitenzi cha kila siku. Fundi hupima mlango, mshonaji hupima nguo, na muuzaji wa viwanja hupima kwa kamba na hatua za mguu. Kazi hiyo ya mwisho mtaani yaitwa "kukata viwanja". Kiwanja kilichokatwa kina vipimo, kwa hiyo mwenye kukiuza anaposema "kimepimwa" hajioni kuwa amedanganya.

Katika istilahi za ofisi, kiwanja kilichopimwa ni kile ambacho kwanza kilikuwamo katika ramani ya mipango miji iliyoidhinishwa. Kisha mpima ardhi mwenye sifa akaweka mawe ya mipaka, yaani bikoni, yenye namba. Na mwishowe ramani ya upimaji ikaidhinishwa na mamlaka ya Serikali inayohusika. Kati ya kukata na kupima kuna safari ndefu, na wanunuzi wengi huishia njiani. Katika maeneo yanayorasimishwa huonekana hata hali ya tatu: michoro imetayarishwa, majirani wamekwisha kuiona, lakini upimaji wenyewe haujaidhinishwa. Hapo nako watu husema "kimepimwa".

Mpima ardhi aliyeajiriwa na mnunuzi hufanya kazi ambayo wakili hawezi kuifanya akiwa mezani. Huenda mahali penyewe, hutafuta bikoni, na huzilinganisha na ramani. Huweza kugundua kwamba ukuta wa nyumba umeingia kwa jirani, au kwamba kiwanja kilichotajwa katika hati si hiki kinachoonyeshwa bali ni cha pili yake. Huweza pia kugundua kwamba sehemu ya uwanja iko katika hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia mstari wa kati. Na ziko sehemu ambako hifadhi ni pana zaidi ya hapo. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya, kando ya Barabara ya Morogoro, zilibomolewa kwa kuwa zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi. Bila shaka wengi wa waliozijenga au kuzinunua walikuwa na karatasi zao, tena zenye mashahidi. Kilichokosekana ni mtu wa kuwapimia umbali kabla hawajatoa fedha.

"HAINA MGOGORO"

Kati ya maneno yote ya tangazo letu, haya ndiyo rahisi kuyasema na magumu kuyathibitisha. Mgogoro huweza kuwa umelala, ukingoja mtu wa kuuamsha; na mara nyingi anayeuamsha ni mnunuzi mwenyewe anapoanza kubomoa ukuta wa zamani.

Yafaa msomaji ajue kanuni moja ya Sheria ya Ardhi, ambayo ndiyo hoja kubwa ya makala haya. Sheria humhesabu mnunuzi kuwa anajua si yale tu anayoyajua kweli, bali pia yale ambayo angeyajua kama angeuliza na kukagua inavyopasa. Kwa maneno mengine, "sikujua" si ngao kwa mtu ambaye hakuuliza. Na ni nani awezaye kuuliza yote yapasayo kuulizwa, ikiwa hayajui maswali yenyewe? Tutataja manne ambayo husahauliwa mara nyingi.

La kwanza ni la mwenzi wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe wakati ndoa ingaliko, hata kama jina lililo katika hati ni lake peke yake. Ridhaa ni neno zito kuliko "kujua". Mke aliyekuwapo jikoni wakati wa mazungumzo, akaleta chai na kuondoka, hajatoa ridhaa.

La pili ni la mirathi. Mtaani husemwa kwamba "warithi wanauza nyumba ya marehemu baba yao". Mrithi ni mwenye fungu, lakini mwenye mamlaka ya kuigawa au kuiuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye huthibitisha mamlaka yake kwa barua ya usimamizi. Kumwita mrithi "msimamizi", au msimamizi "mrithi", kama tunavyosikia hata katika taarifa za habari, ni kumtia mnunuzi katika shauri ambalo huenda likamalizwa na wajukuu.

La tatu ni la wakala. Mtu huleta hati ya kumwakilisha ndugu yake aliye safarini. Wakala huyo hana nguvu yake mwenyewe; nguvu yake ni kivuli cha aliyemtuma. Kwa kawaida, aliyemtuma akifariki, na uwakala umekwisha siku hiyo, hata kama wino wa hati haujakauka.

La nne ni la rehani. Neno hili nalo ni la Kiarabu, na liko katika Kiswahili tangu kale. Chini ya Sheria ya Ardhi, rehani haimhamishii mkopeshaji haki ya mali. Ni dhamana tu. Haikuwa hivyo katika kila utaratibu. Unguja na pwani, katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, palikuwa na mauzo yaliyojulikana kwa jina la bei ya hiyari. Kwa utaratibu huo mwenye shamba au nyumba aliiuza mali yake, akabaki na hiyari ya kuirudisha akirudisha fedha katika muda waliopatana. Kwa sura yalikuwa mauzo. Kwa kazi yake yalikuwa mkopo. Na walioshindwa kulipa walipoteza mali. Mfasiri anayekutana na maneno haya katika nyaraka za zamani asiyafasiri kuwa rehani, wala kuwa mauzo tu.

BEI NA THAMANI

Mfano huo unatuonyesha jambo jingine. Bei, katika Kiarabu, ni tendo la kuuza. Sisi tumeifanya kuwa kiasi cha fedha kinachotajwa. Thamani ni kitu kingine: ni makadirio ya mali yanayotolewa kwa kanuni za fani. Bei hutoka katika kinywa cha muuzaji. Thamani hutoka katika kazi ya mthamini. Zinaweza kulingana, na zinaweza kupitana sana.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 iliunda Bodi ya kuwasajili wathamini, ikaeleza nani aruhusiwaye kufanya kazi hiyo. Mnunuzi anayekopa benki atalazimishwa kumtumia mthamini, kwa kuwa benki haikopeshi juu ya bei bali juu ya thamani. Ni ajabu kwamba mnunuzi anayelipa kwa fedha zake mwenyewe, ambaye hana benki ya kumlinda, ndiye mara nyingi anayeridhika na "bei maelewano". Maelewano ni jambo jema, lakini watu huelewana vizuri zaidi kila mmoja akijua kinachozungumzwa.

Tuongeze neno moja juu ya kodi. Kiswahili kimelipa neno hili mzigo mkubwa: kodi ya mpangaji, kodi ya pango la ardhi, kodi ya majengo, na kodi zinazotozwa wakati wa mauzo. Wauzaji huonyesha stakabadhi za kodi ya majengo kama ushahidi wa kumiliki. Stakabadhi hizo hazithibitishi umiliki. Tangu Julai 2021, kodi hiyo imekuwa ikikusanywa kupitia ununuzi wa umeme, hivi kwamba hata mpangaji huweza kuwa ndiye anayeilipa kila anaponunua umeme.

DALALI, MWANASHERIA, WAKILI NA KISHOKA

Neno dalali limetoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya kuonyesha au kuongoza njia, na hiyo ndiyo kazi yake halali: kumwonyesha mnunuzi kilichopo. Dalali mwaminifu ana faida kubwa, maana huujua mji. Lakini ujira wake hutokana na mauzo kukamilika. Kumtegemea dalali atuambie kwamba nyumba haifai kununuliwa ni kumtaka mtu akate tawi alilolikalia. Tukumbuke pia kwamba dalali wa mahakama ni mtu mwingine, mwenye kazi ya kutekeleza amri za mahakama.

Mwanasheria ni mtu aliyesoma sheria. Wakili ni mwanasheria aliyekubaliwa na kuandikishwa katika orodha ya mawakili wa Mahakama Kuu, mwenye leseni iliyo hai. Kila wakili ni mwanasheria, lakini si kila mwanasheria ni wakili. Magazeti yetu huyatumia maneno haya kama pacha, na wananchi hujifunza humo. Katika pengo hilo ameingia mtu ambaye lugha ya mitaani imempa jina la kufaa, yaani kishoka. Wakili kishoka ana mhuri, ana meza, pengine ana na tai. Asichokuwa nacho ni jina katika orodha. Lugha ya mitaani imefanya kazi nzuri hapa kuliko sisi wa istilahi, kwani kwa neno moja imemwonya mnunuzi.

Mwisho kuna shahidi. Watu wengi huamini kwamba sahihi na mhuri wa mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa ndio mwisho wa mauzo. Kiongozi huyo huweza kuwa shahidi mzuri, maana huwajua watu wake. Lakini kushuhudia si kusajili. Kwa ardhi iliyosajiliwa, haki haihami mpaka uhamisho uandikwe katika daftari la Msajili. Kabla ya hapo kuna maombi kwa mamlaka ya ardhi, ushuru wa stempu na kodi nyinginezo. Mnunuzi aliyekwisha kulipa na kukabidhiwa funguo, lakini hakusajili, amenunua, hajahamishiwa. Hivi ni vitenzi viwili.

MIPAKA YA MSAADA HUU

Hatutaki msomaji aelewe kwamba mtaalamu ni hirizi. Wakili mmoja anayewatetea muuzaji na mnunuzi pamoja hawezi kumlinda kila mmoja dhidi ya mwenziwe. Mtaalamu aliyeletwa na dalali huenda akawa na shukrani kwa dalali kuliko kwa mteja. Zaidi ya hayo, sheria humhesabu mnunuzi kuwa anajua hata yale yaliyojulikana na wakili au wakala wake katika shughuli hiyo. Kwa hiyo mtaalamu mbaya huweza kuwa na madhara kuliko kutokuwa na mtaalamu. Mnunuzi na amchague mwenyewe, aangalie kwamba jina lake limo katika orodha ya fani yake, na adai majibu kwa maandishi, tena kwa Kiswahili anachokielewa. Ujira wake ni gharama, hatukatai. Lakini rahisi ghali, na nyumba iliyopotea haina punguzo.

MAPENDEKEZO YA MATUMIZI

Kutokana na haya, tunapendekeza maneno yafuatayo yatumiwe kwa maana zilizotajwa, hasa katika fomu za ofisi, vitabu vya shule na tafsiri:

Hakimiliki ya ardhi: haki ya kukalia na kutumia ardhi kwa masharti yaliyowekwa.
Hatimiliki: maandishi yaliyosajiliwa yanayothibitisha haki hiyo. Neno "hati" lisitumiwe peke yake.
Barua ya toleo: badala ya "ofa".
Mkataba wa mauziano: maandishi ya mapatano kati ya muuzaji na mnunuzi.
Uhamisho wa miliki: hatua ya kusajili mabadiliko ya mwenye haki, si kuuza wala kununua.
Kiwanja kilichopimwa: chenye ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Kisichokuwa nayo kiitwe kiwanja kisichopimwa, hata kikiwa na vipimo.
Upekuzi: ukaguzi rasmi wa daftari la Msajili wa Hati.
Zuio: maandishi katika daftari yanayozuia uhamisho kwa muda.
Ridhaa: kukubali kwa hiari na kwa kujua, si kuwa na habari.
Msimamizi wa mirathi: aliyeteuliwa na mahakama, asichanganywe na mrithi.

HITIMISHO

Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, Na. 1 ya mwaka 2021, iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Jambo hili ni la fahari kwetu, lakini limeongeza wajibu wetu. Zamani mwananchi alipotapeliwa, tuliweza kusema kwamba sheria ilikuwa katika lugha asiyoielewa. Kadiri sheria zinavyofasiriwa, udhuru huo unapungua. Neno likiwa la Kiswahili na lingali linampoteza Mswahili, lawama itakuwa yetu tuliolichagua.

Kwa mnunuzi ushauri wetu ni mfupi: kabla ya kutoa fedha, kila neno la tangazo na lipate mtu wa kulijibu. Hati na mgogoro ajibu wakili. Upimaji ajibu mpima ardhi. Bei ajibu mthamini. Kwa wafasiri, walimu na watumishi tunasema kwamba orodha hii si ya mwisho. Wasomaji walio katika ofisi za ardhi, mahakama na halmashauri, ambao hukutana na maneno mengine ya namna hii kila siku, tunawaomba watuletee pamoja na maana zake, ili nayo tuyajadili.